Maswali Yenu: Kugawa kwa 8 au kwa 5.85?

Mhandisi, Marekani wanagawa nguvu ya tetemeko kwa 8 kwenye fremu ya zege (nguzo na boriti) ya kiwango cha juu cha kuhimili kupinda, Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya matetemeko, inaishia 5.85. Kumbe majengo ya Marekani ni dhaifu zaidi?

Swali hili huletwa na karibu kila anayefungua kanuni mbili kwa wakati mmoja. Kigawanyo hicho (R kwa Marekani, q kwa Ulaya) kipo kwa sababu tunakubali kwamba jengo litapinda na kupasuka, mradi lisiwaangukie waliomo. Tuseme spektra ya ardhi (grafu ya nguvu ambayo mtikisiko hulidai jengo) inadai nguvu sawa na uzito mzima wa jengo. Kwa R ya 8 unasanifu kwa asilimia 12.5 ya uzito. Kwa q ya 5.85 unafika kama 17. Kwenye karatasi, Marekani wako chini.

Ila usiishie hapo. Mara nyingi fremu hailemewi na nguvu, inalemewa na kusogea, yaani mhamo: ghorofa moja inahama kando zaidi kuliko iliyo chini yake. ASCE 7, kanuni ya Marekani, hukuza mhamo wa hesabu kwa 5.5 (si 8, jambo ambalo binafsi sijawahi kulipenda), kisha huweka kikomo cha asilimia 2 ya kimo cha ghorofa kwa majengo ya kawaida. Eurocode 8 hupima mhamo kwa tetemeko dogo zaidi, lakini kikomo ni asilimia 0.5 tu ikiwa kuta za kujazia ni za kuvunjika kirahisi. Tena ugumu wa zege lililopasuka haukadiriwi sawa: Ulaya hukata nusu kwa boriti na nguzo zote, Marekani kwa kawaida hubakiza 0.35 kwa boriti na 0.70 kwa nguzo. Nguzo ikishapanuliwa ili kuzuia mhamo, ile tofauti ya 8 na 5.85 inaweza isionekane kabisa kwenye jengo lenyewe.

Tetemeko la "miaka 475" maana yake tuna miaka 475 ya amani?

Hapana. Ni uwezekano wa asilimia 10 wa kulizidi tetemeko hilo ndani ya miaka 50. Linaweza kuja kesho.

Naweza kuchukua nguvu kwa kanuni ya nchi moja na mpangilio wa nondo kwa nyingine?

Usifanye hivyo. Ile R ya 8 imelipiwa kwa ringi (vyuma vinavyozungushia nondo) zilizobanana na nguzo zenye nguvu kuliko boriti. Fremu ya kawaida, isiyo na masharti hayo, Marekani hao hao huipa R ya 3. Hata "nguzo yenye nguvu" ina vipimo vyake: jumla ya nguvu za nguzo kwenye kiungo iizidi ya boriti mara 1.2 kwa ACI 318, kanuni ya zege ya Marekani, mara 1.3 kwa Eurocode 8, mara 1.4 kwa IS 13920 ya India. Ukichanganya, utajikuta umechukua nafuu ya kila upande.

Uturuki walikuwa na kanuni mpya ya matetemeko ya 2018. Mbona majengo yalianguka kwenye tetemeko la Februari 2023?

Kwa sababu mengi yalijengwa kabla yake, au hayakujengwa kama yalivyochorwa: zege hafifu, nondo laini zisizo na mikwaruzo, ringi za kuhesabika. Na sehemu kadhaa, Antakya ikiwemo, mtikisiko ulizidi ule wa usanifu. Tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995 lilionyesha hivyo hivyo: majengo yaliyofuata kanuni ya Japani ya 1981 yalifanya vizuri zaidi sana kuliko ya zamani.

Nikifika saiti, nianze kutazama nini?

Ncha za ringi za nguzo. Zikunjwe nyuzi 135 na kuingia ndani ya kiini cha zege. Za nyuzi 90 hufunguka ganda la nje likibanduka. Halafu tazama kiungo cha boriti na nguzo, maana mafundi hupenda kuacha ringi hapo kwa kuwa pamebana.