Maswali yenu: makapi, maganda na mashudu, kipi kiende wapi

Mavuno yameisha, uani kumejaa marundo, na maswali yenu karibu yote ni ya hayo marundo. Nimechagua matano.

Niko Simbo, tunakamua mawese. Mashada matupu na kambakamba za chikichi zimejaa, jirani ananiambia nitie kiberiti tu yaishe. Ni sawa?

Usimsikilize jirani, dada. Kambakamba ndo kuni zako za kuchemshia chikichi za mzigo unaofuata, zimebaki na mafuta kidogo ndo maana zinashika moto haraka, kwa hiyo zianike uzihifadhi pakavu. Mashada yarudishe shambani kwenye michikichi yenyewe, yazungushe chini ya mti ila yasigusane na shina, yakioza yanatoa potashi nyingi, chakula cha mimea, na kiangazi chote kile cha mwezi wa sita mpaka wa tisa udongo chini yake unabaki na unyevu. Ukichoma potashi inabaki kwenye jivu, sawa, migomba inalipenda hilo jivu, ila naitrojeni na ile mali ya kulainisha udongo imeenda na moshi. Sasa hapa wengi ndo wanaharibu, wanayarundika kichuguu kimoja pembeni ya shamba wanasahau, halafu yule mdudu mweusi mwenye pembe, chonga, anakuja kutagia humo kwenye uozo, na akikua anatoboa moyo wa mchikichi. Tandaza tabaka moja tu. Na yale maji machafu ya kukamulia msiyaelekeze mtoni jamani, yanamaliza hewa ya samaki. Yaacheni yatulie, engua mafuta ya juu yaende kwenye sabuni, tope la chini changanya na mboji.

Mashudu ya mise, zile kokwa za ndani ya chikichi, naweza kulishia kuku peke yake maana chakula cha dukani kimepanda?

Hapana kaka. Protini ipo ila nyuzi ni nyingi mno, kuku atajaza tumbo na mayai hutaona. Changanya kidogo tu kwenye chakula chao, mengi mpe ng'ombe au mbuzi, hao matumbo yao yanaweza. Yakinuka ukungu usimpe yeyote.

Nzega. Mashine ya kukoboa mpunga wanatugawia pumba bure, nimejaza shimo la mboji mwaka mzima na haziozi!

Haziwezi kuoza upesi mzee wangu, maana ulichopewa ni maganda, sio pumba laini. Pumba laini ni ule unga unga unaotoka mchele ukisuguliwa, ni chakula cha mifugo, na hauwezi kupewa bure labda mwenye mashine ni shemeji yako. Maganda yamejaa silika, kitu kilekile kilichopo kwenye mchanga, hata ng'ombe hayamsaidii. Kwa hiyo yapitishe bandani kwanza, tandika chini kwa kuku, yakishachanganyika na mavi yao ndo uyapeleke shimoni, mwagia maji, geuza geuza, hapo utaona tofauti. Au yachome kwa hewa kidogo mpaka yawe meusi, yazime kwa maji kabla hayajageuka jivu jeupe, changanya na udongo wa kitalu, miche inashika mizizi vizuri sana. Yatakayobaki wauzie wachoma matofali, huko kwenu hawakosekani.

Urambo hapa. Mashina ya tumbaku baada ya kuvuna, nifunike nayo nyanya au niwape mbuzi?

Vyote viwili hapana! Nikotini ni sumu kwa mbuzi, na nyanya na tumbaku ni ukoo mmoja, magonjwa yanahamiana, ile batobato ya virusi inakaa kwenye mabaki makavu muda mrefu tu. Ng'oa na mizizi yake mapema, usiache yachipue tena, yateketeze. Najua juu nimekataza kuchoma, ila hapa moto unaua ugonjwa, na jivu lipeleke kwenye mahindi.

Maganda ya muhogo kwa nguruwe, Kibondo.

Mabichi usimpe, hasa ya muhogo mchungu, yana sayanaidi na nguruwe anaweza kufa siku hiyohiyo. Katakata, anika juani mpaka yakatike kwa mkono, ndo umchanganyie na vingine. Mvua ikiyanyeshea yakaota ukungu, tupa kwenye mboji.