Mume wangu hajui kama nadaiwa milioni tano

*Shangazi, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, Wete, Pemba. Mume wangu anafanya kazi hotelini Nungwi, Unguja, huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mtoto alipolazwa nilikopa bila ya kumwambia, na tangu hapo nakopa ili nilipe. Benki wananikata 150,000 kwa mwezi, salio ni 3,600,000 na imebakia miezi 30. Programu tatu za mikopo za simu zinanidai 640,000. Mkopeshaji wa mtaani ananidai 500,000. Ana kadi yangu ya benki na namba ya siri, na mwezi wa saba huu anachukua 100,000 ya riba tu. Upatu nilishaupokea, imebakia miezi mitano ya 60,000. Dukani 85,000. Mshahara unaoingia ni 410,000. Mwenzangu kazini anasema nikaongeze mkopo benki, nifagie yote, mume asijue. Nifanyeje?*
*Mama wa watatu, Wete*

Wa aleikum salaam, mwanangu. Jumla yako ni 5,125,000. Mwambie mumeo kwanza, mkopo mpya usiuguse.

Rai ya mwenzako inavutia kwa sababu makato yatashuka. Tukichukulia riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua, mkopo wa 5,125,000 wa miaka mitano utakatwa kama 130,000 kwa mwezi, pungufu ya unazokatwa sasa. Lakini zidisha kwa miezi 60: ni 7,800,000, bado ada na bima. Ukibaki na mkopo wako wa sasa utamaliza kwa 4,500,000, na hayo madeni mengine ni 1,525,000, jumla 6,025,000. Usiri huo utakugharimu zaidi ya milioni moja na laki saba, na kwa miaka mitano utakuwa unaficha hati ya mshahara. Halafu mkopeshaji bado ana kadi yako. Pesa za mkopo zikiingia kwenye akaunti hiyo, yeye ndiye wa mwanzo kuzifikia.

Ukifikiria dirisha la benki ya Kiislamu, ujue kuwa murabaha ni benki kununua bidhaa na kukuuzia kwa faida. Haikupi taslimu ya kulipia deni la zamani.

Sasa mumeo. Usimwambie kwa simu, wala kwa ujumbe wa sauti atakaousikiliza mbele ya wenzake kazini. Usimpokee nalo akiwa ndiyo kwanza ateremka botini. Mwache ale, alale, na siku ya pili usiku watoto wakishalala mkae wawili, mama mkwe asiwepo. Mkononi uwe na karatasi moja: nani anadai, ulichukua lini, mkononi kiliingia kiasi gani, umeshalipa kiasi gani, kimebakia nini. Anza na jumla. "Baba watoto, nina madeni ya milioni tano na laki moja na ishirini na tano elfu. Nilikuficha, na nimekukosea. Yote yameandikwa hapa." Kisha nyamaza.

Kosa linaloharibu zaidi ni kusema nusu. Wengi hutaja deni la benki kwa sababu lina heshima, wakamficha mkopeshaji na programu. Wiki mbili baadaye mume anapigiwa simu na mtu asiyemjua, na hapo hata lile la kweli halisadikiki tena. Akitaka kuiona simu, mpe. Akikasirika akatoka, mwache atoke. Msamaha usiudai usiku huo, wala usimwombe alipe. Ila kama unamuogopa kwa mkono wake, usikae naye peke yako: awepo kaka yako au mtu mzima anayemheshimu.

Anayefuata ni mkopeshaji, maana ndiye anayekumaliza. Umeshampa 700,000 kwa deni la 500,000 na hujapunguza hata shilingi. Kama una dhahabu ya mahari, ni mali yako na uamuzi ni wako, lakini mumeo ajue kabla hajaiona mikono yako mitupu. Pima kwa masonara wawili, uulize uzito kwa gramu na karati, usikubali bei ya kukisia kwa macho. Wala usiiweke rehani, maana hilo litakuwa deni la sita. Bangili ikitoa 600,000, funga 500,000 ya mkopeshaji na 85,000 ya dukani. Mlipe mbele ya mashahidi wawili, aandike kwamba hadai tena, na karatasi yoyote uliyomsainia uichukue. Akikataa kupokea rasilimali, yaani zile 500,000 alizokukopesha, bila riba nyingine, nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, na hesabu yako. Qur'ani 2:279 inampa mdai rasilimali yake, basi. Kadi akurejeshee hapo hapo, na hata akikurejeshea nenda tawini na kitambulisho, ifungwe, utoe mpya na namba mpya ya siri.

Programu za simu: usichukue moja kulipia nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Angalia kama zako zimo. Piga picha za skrini za kila deni na kila kitisho. Zima ruhusa ya programu hizo kuona majina na picha kwenye mipangilio ya simu, ingawa walichokwisha kunakili hakifutiki, kwa hivyo waambie mapema mwalimu mkuu na ndugu wa karibu kwamba huenda wakapata ujumbe wa kukuchafua. Vitisho vikija, vipeleke Benki Kuu na polisi. Wenye programu wapendekezee kwa maandishi 100,000 kwa mwezi, ile iliyokuwa ikienda kwa mkopeshaji, ukianza na programu inayozidi haraka. Wakisimamisha riba, miezi mitano ni 500,000, na mwezi wa sita, upatu ukiwa umekwisha, unamalizia 140,000. Wasiposimamisha itachukua muda zaidi, na hapo ndipo bangili ya pili inapofikiriwa.

Upatu usiukose hata mwezi mmoja. Zile ni pesa za wanawake wenzako, na wengine bado hawajapokea.

Zaka nayo ina fungu la wenye madeni, aya ya 9:60, na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana inapokea maombi. Lakini mwenye dhahabu kabatini aanze na dhahabu. Benki waache wakate 150,000 yao kama kawaida mpaka hayo mengine yaishe. Kisha laki moja na sitini iliyofunguka, 100,000 ya programu na 60,000 ya upatu, ipelekeni huko kila mwezi, na kabla ya kuilipa muulizeni afisa mikopo kwa maandishi: ziada hii inapunguza salio, au inahesabiwa kuwa makato ya mwezi ujao? Mnataka ipunguze salio.