Kisogo kilichobonyea upande mmoja: usikande kichwa, chunguza shingo

Dada wa Mafinga, umeeleza kwamba mwanao wa miezi mitatu amebonyea kisogo upande wa kulia, kwamba mama mkwe anataka kichwa kikandwe kwa kitambaa cha maji ya moto, na kwamba jirani anakushauri ununue mto wenye shimo katikati. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo mawili, kwa kuwa mwanangu wa pili alikuwa na hali hiyohiyo na nilichelewa kuielewa.

Alizaliwa mwezi Juni hapa Uyole, na baridi ya Mbeya ya mwezi huo unaijua. Nilimfunga mablanketi na kumwacha kitandani karibu siku nzima, naye akawa anageukia kulia tu, kulikokuwa na mlango, mwanga na sauti za watu. Alipofikisha wiki kumi, nikiwa namwogesha, niliona nywele za upande ule zimenyonyoka, kisogo ni bapa, na sikio la kulia limesogea mbele kuliko la kushoto. Mhudumu wa kwanza niliyemwonyesha alisema kichwa kitajirudi chenyewe, nami nikapoteza mwezi mzima.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenifungua macho. Hakuanza na kichwa, alianza na shingo, akakuta msuli wa kushoto umekaza, na kwa hiyo mtoto hakuweza kugeuka vizuri upande wa pili. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga bado haijaungana, hivyo sehemu inayolaliwa saa nyingi kila siku hubonyea. Kukanda hakuondoi sababu hiyo, na kunaweza kumuumiza au kumbabua mtoto. Mto nao unaweza kumziba pumzi.

Wala usianze kumlaza kifudifudi usiku ili kuokoa kisogo. Marekani ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa takriban nusu. Visogo bapa viliongezeka, lakini hiyo ni hasara ndogo sana ukilinganisha na uhai. Alale chali, na mabadiliko yafanyike akiwa macho.

Sisi tulianza kwa kumgeuza kitandani, kichwa kikawa pale miguu ilipokuwa, ili mlango uwe kushoto kwake. Nilimwita, nikamchezesha na kumnyonyesha kwa namna iliyomlazimu kugeukia upande huo, na nilifanya mazoezi ya kunyoosha shingo kama nilivyoonyeshwa, kila nilipombadilisha nepi. Nilimlaza kifudifudi kifuani pangu kwa dakika moja au mbili, mara nyingi kwa siku, kisha kwenye mkeka, nikiongeza muda kadiri alivyozoea. Alilia sana wiki ya kwanza, na nilivumilia. Zaidi ya yote nilirudia mbeleko, ambayo mama zetu huku nyanda za juu hawakuiacha hata wakiwa shambani, kwa sababu mtoto aliyebebwa kisogo chake hakigusi kitu.

Kuhusu kofia ngumu za kurekebisha kichwa ulizoziona mtandaoni, usihuzunike kwa kuzikosa. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014 haukuona tofauti ya maana kati ya watoto waliovishwa na wasiovishwa.

Hata hivyo, mpeleke kwa daktari bila kungoja tarehe ya kliniki ukipapasa fuvu na kukuta tuta gumu mahali mifupa inapokutana, kama umbo hilo alizaliwa nalo na linazidi, kama sikio la upande uliobonyea limerudi nyuma badala ya kwenda mbele, au kama mzunguko wa kichwa hauongezeki. Huenda mifupa imeungana mapema, na hapo mara nyingi huhitajika upasuaji.

Mwanangu sasa ana miaka mitatu. Alama huonekana kidogo anaponyolewa. Leo jioni, mwanao akiwa ameshiba na ametulia, mlaze chali, upitishe uso wako polepole kutoka bega moja hadi la pili, uone kama anakufuata pande zote mbili. Akikwama upande mmoja, mweleze hivyo mtaalamu utakayemwona, kabla hata hujamwonyesha kisogo.