Saa ya kifo katika joto la Mombasa

Dadangu, umeuliza kama mpelelezi wa riwaya yako, anayemsaka muuaji wa mfululizo hapa Mombasa, aweza kujua saa ya kifo kwa kupima joto la maiti. Hapo jihadhari sana. Mwili hai una nyuzi joto 37 hivi, na mchana wa Machi chumba cha mabati kule Likoni chaweza kufika hapo hapo, basi maiti haipoi. London wakati wa baridi ni mambo mengine kabisa.

Badala yake, mpelelezi atumie nzi! Hutua mapema kwenye maiti na kutaga, na kwa joto letu mayai huanguliwa kabla siku haijaisha. Mpelelezi akusanye mabuu wakubwa zaidi, awapime urefu, kisha arekodi joto la chumba siku zinazofuata, ili akadirie umri wao na hivyo saa ya kifo.