Lami mbovu haiifanyi autocross kuwa rallycross
Je, mbio za magari za autocross zikifanyika kwenye lami yenye mashimo zinakuwa rallycross? Hapana, mashimo pekee hayatoshi. Kwa kanuni za SCCA, chama cha michezo ya magari cha Marekani, katika michezo yote miwili gari hukimbizana na saa katikati ya koni, na ukigonga koni unaongezewa sekunde 2. Tofauti kubwa ni hesabu: autocross huchukua raundi yako bora tu, rallycross hujumlisha raundi zote, kwa hiyo kosa la asubuhi linakufuata hadi jioni. Tena rallycross yao ni ya udongo, nyasi au changarawe, si lami. Ile ya Ulaya, iliyoanzia Lydden Hill, Uingereza, 1967, ni mnyama mwingine: magari hubanana uwanjani pamoja, kwenye njia yenye lami na changarawe. Kenya nako autocross yenyewe ni ya vumbi, ndipo watu wanapochanganya.