Kuku wako usiwaogeshe, mwanangu

Mwanangu Saida,

Salamu za hapa Kibokoni, Mombasa. Sote wazima, na baba yako kile kikohozi kimemwacha, alhamdulillahi.

Umeniuliza kama hao kuku wa kienyeji ulionunua huko Kitengela uwaogeshe kwa maji ya moto na sabuni, maana maji ya beseni wanayanywa tu, kisha haoo, wanakwenda kugaagaa kwenye udongo chini ya ukuta mpaka unaona haya mbele ya jirani. Usiwaogeshe. Kule kugaagaa ndiko kuoga kwao.

Hebu kaa umtazame mmoja jua likiwa utosini. Anaparura udongo mpaka apate kishimo, analala ubavu, anatikisa bawa na kujirushia vumbi lizame kati ya manyoya hadi kwenye ngozi. Halafu anageukia ubavu wa pili. Aweza kukaa hivyo nusu saa, jicho nusu wazi, bawa limetandazwa, na asiyejua atadhani anakata roho. Akitosheka anasimama, anajikung'uta mara moja kwa nguvu, na vumbi lote linatoka. Linatoka pamoja na mafuta yaliyochakaa, yale yanayogandisha manyoya laini ya ndani, na chawa nao hawapati raha. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Huyu mgaagaa na vumbi haliwi na chawa. Kuku anayefugwa juu ya waya mtupu, pasipo hata chembe ya udongo, bado hulala akafanya vitendo vyote vile hewani. Haja yenyewe anayo mwilini, hakufunzwa na mtu.

Mafuta ninayoyasema unayajua. Kile kinundu juu ya mkia, ambacho nilikuonyesha ukikate kabla kuku hajaingia sufuriani, ndicho kiwanda chake. Ndege hupeleka mdomo pale, akaubana, kisha akapitisha mafuta unyoya mmoja mmoja. Okota unyoya wowote uani kwako, uachanishe kwa kucha upasuke, halafu uvute taratibu kati ya vidole viwili kutoka chini kwenda juu. Utaona umeshikana tena kama zipu. Una vijindoano vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na mdomo wa ndege kutwa kazi yake ni kuvifunga vilivyofunguka. Sasa wewe ukija na sabuni yako unayaondoa mafuta yote, maji yanafika kwenye ngozi, na kwa baridi ya Kitengela ya mwezi wa saba utamwua kuku kwa kumpenda.

Si ndege wote wanaoyaambaa maji, lakini. Kunguru wetu hawa, waliopelekwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 eti wale taka, wanaoga majini kila wapatapo dimbwi, na maji ya mfereji wa mtaani hayawakirihishi. Wakimaliza hutua juu ya ukuta na kujipanga manyoya kwa makini kuliko bibi harusi. Njiwa naye mvua ikinyesha huinamia upande mmoja akainua bawa moja, mvua imwingie kwapani, kisha akabadilisha. Akioga kwenye chombo huacha utando mweupe juu ya maji, nao si uchafu: njiwa ana manyoya yanayosagika yenyewe kuwa unga, na unga huo ndio unaomkinga na maji.

Wenye miguu minne sina haja ya kukueleza sana. Punda wa mkokoteni umemwona mwenyewe: akifunguliwa tu, chini, miguu juu. Paka ndiye aliyenishangaza. Mwaka 2018 watafiti wa Georgia, Marekani, walieleza kwamba vile vijimiba vya ulimi wake vina mifereji kwenye ncha, vinachota mate kinywani na kuyafikisha mpaka kwenye shina la manyoya. Kwa hiyo paka anaporamba anajiosha hasa, na mate yakikauka yanampoza. Komba wanaotupigia kelele usiku juu ya minazi wana meno ya mbele ya chini yaliyobanana kuwa kitana, na chini ya ulimi wana kijiulimi cha pili cha kusafishia kitana hicho. Ungedhani ni wastaarabu, mpaka usikie kwamba wengine hujikojolea viganjani na kujipaka nyayo.

Na asiyejifikia huogeshwa. Kule chemchemi ya Mzima, Tsavo, samaki huwazunguka viboko wakiwachokoachokoa ngozi. Chemchemi hiyo ndiyo iliyovutiwa bomba la kuleta maji Mombasa miaka ya 1950, kwa hiyo ukija likizo ukakuta maji yanatoka, waombee dua na hao samaki.

Turudi kwako. Watengee pembe moja isiyonyeshewa, uweke mchanga mkavu na udongo, uchanganye jivu kidogo la kuni. Likilowa, badilisha. Mayai nayo usiyaoshe ukayaweka. Yana utando wa asili unaozuia vijidudu, osha lile unalotaka kupika tu. Usiku chukua tochi ukamulike nyufa za banda na chini ya fito wanazolalia. Ukiona vidudu vyekundu vinatembea, hao ni utitiri: mchana hujificha, usiku hunyonya damu, na vumbi peke yake halitawamaliza. Hapo nenda duka la dawa za mifugo, wakupe dawa ya banda, na ufuate kipimo kilichoandikwa.

Yule tetea wa kwenye picha, mwenye upara mgongoni, si mchafu wala hana ugonjwa. Ni majogoo wanampanda kupita kiasi. Una matetea wanne na majogoo wawili! Jogoo mmoja huwatosha matetea kumi. Baba yako ameshaona picha hiyo, na anasema tukija mwezi ujao yule jogoo mwekundu asimkute akitembea. Nitakuja na nazi na bizari yangu mwenyewe, za huko sizitaki.

Mamako