Maswali na Majibu: Salamu Inayofuata Saa ya Mtumiaji

Maswali ya safari hii yanahusu jambo moja, nalo ni ukurasa wa tovuti unaomsalimu mgeni kulingana na muda wa siku. Majibu yote yanatumia JavaScript ya kawaida, yaani lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari, bila maktaba yoyote ya ziada.

Swali: Ndiyo kwanza ninajifunza kutengeneza tovuti. Naomba mfano mfupi wa msimbo unaobadilisha salamu asubuhi, mchana, jioni na usiku.

Jibu: Mahali unapotaka salamu ionekane, weka mstari huu:

```
<p id="salamu">Karibu</p>
```

Kisha, mwishoni mwa ukurasa, kabla tu ya kufunga `body`, andika:

```
<script>
const saa = new Date().getHours();
let maneno = "Habari za usiku";
if (saa >= 5 && saa < 12) {
  maneno = "Habari za asubuhi";
} else if (saa >= 12 && saa < 16) {
  maneno = "Habari za mchana";
} else if (saa >= 16 && saa < 19) {
  maneno = "Habari za jioni";
}
document.getElementById("salamu").textContent = maneno;
</script>
```

Amri ya `getHours` hurudisha namba kuanzia 0 hadi 23, na hesabu yake huanzia usiku wa manane. Kwa hiyo saa moja asubuhi huja kama 7, saa sita mchana huja kama 12, saa moja usiku huja kama 19, na saa sita usiku huja kama 0. Angalia pia kwamba salamu ya usiku imewekwa mwanzoni, kabla ya masharti yote. Usiku umegawanyika katika ncha mbili za hesabu hiyo, yaani 19 hadi 23 na 0 hadi 4, hivyo ni rahisi zaidi kuuacha uwe jibu la chochote ambacho masharti mengine hayakukinasa. Mifano mingi inayosambaa huanza na sharti la `saa < 12` peke yake, na matokeo yake ni kwamba mtu anayefungua ukurasa saa nane za usiku husalimiwa "Habari za asubuhi". Mipaka ya 16 na 19 ni uamuzi wangu tu, nawe unaweza kuisogeza upendavyo. Neno "Karibu" nalo halikuwekwa kwa pambo, kwa kuwa ndilo litakalobaki endapo msimbo utashindwa kufanya kazi au mtumiaji atakuwa ameizima JavaScript.

Swali: Niliandika sharti langu hivi: `if (5 <= saa < 12)`. Tangu hapo ukurasa unasema "Habari za asubuhi" mchana kutwa na usiku kucha, na kivinjari hakionyeshi kosa lolote. Tatizo ni nini?

Jibu: Sharti hilo haliwezi kamwe kuwa la uongo. JavaScript husoma kutoka kushoto: huanza na `5 <= saa`, hupata jibu la kweli au uongo, kisha hulinganisha jibu hilo, wala si saa yenyewe, na 12. Katika ulinganisho huo kweli huhesabiwa kuwa 1 na uongo huhesabiwa kuwa 0. Tuseme ni saa tatu usiku, yaani 21: `5 <= 21` ni kweli, kweli inageuka 1, na 1 ni ndogo kuliko 12. Ikiwa ni saa sita usiku, `5 <= 0` ni uongo, uongo unageuka 0, na 0 pia ni ndogo kuliko 12. Kwa kuwa sentensi yenyewe ni halali kisarufi, kivinjari hakina sababu ya kulalamika. Waliozoea lugha ya programu ya Python hunaswa zaidi, kwa sababu huko uandishi huo unakubalika na hufanya kazi kama ulivyotarajia. Hapa hakuna budi kutenganisha pande mbili kwa `&&`.

Swali: Salamu yangu imeandikwa kwa PHP. Jamaa yangu anayeishi ng'ambo anasema husalimiwa "Habari za mchana" wakati kwake ni usiku. Je, nibadilishe majira ya seva?

Jibu: Hapana, kwa sababu utamfurahisha yeye na kuwakosea wengine. PHP ni lugha ya programu inayofanya kazi kwenye seva, yaani kompyuta inayowatumia watu ukurasa, hivyo hutumia majira yaliyopangwa huko, na mara nyingi hayo ni UTC, yaani saa ya kimataifa. Saa ya UTC inaposoma 12 mchana, Tokyo ni saa tatu usiku, na seva moja haiwezi kuwa sahihi kwa watu wa sehemu zote bila kujua nani yuko wapi. Isitoshe, ukurasa uliokwisha tengenezwa na seva unaweza kuhifadhiwa kwenye kache, yaani hifadhi ya muda, na kugawiwa watu wengine saa kadhaa baadaye, ukiwa bado na salamu ya zamani. Kivinjari kinasoma saa ya kifaa cha mtumiaji mwenyewe, na hapo ndipo salamu inapopaswa kuamuliwa. Wapo wanaomwomba mtumiaji ruhusa ya kujua mahali alipo kwa ajili ya jambo hili. Naona huko ni kumsumbua mtu bure, maana simu yake tayari inajua ni saa ngapi.

Swali: Watumiaji wangu huacha ukurasa wazi kutwa nzima, na salamu ya asubuhi hubaki pale hadi usiku. Nifanyeje?

Jibu: Uweke msimbo wote ndani ya funksheni moja (kipande cha msimbo chenye jina, kinachoweza kuitwa tena na tena), pamoja na mstari wa `new Date()`, kisha uiite funksheni hiyo mara ukurasa unapofunguka na tena kila dakika kwa `setInterval`, ambako muda hupimwa kwa milisekunde, hivyo dakika moja huandikwa 60000. Ukiuacha mstari huo nje, saa itasomwa mara moja tu na marudio yote yatatumia namba ileile. Vivinjari hupunguza kasi ya kazi za namna hii kwenye kichupo kisichotazamwa, hivyo ni vyema pia kuiita funksheni pale tukio la `visibilitychange` linapotokea, yaani kichupo kinapofichwa au kuonekana tena, ili mtu anaporudi akute salamu sahihi.

Swali: Ninataka kuongeza jina la mtumiaji baada ya salamu. Je, nitumie `innerHTML`?

Jibu: Baki na `textContent`. Jina ni maandishi yaliyotoka kwa mtu mwingine, na `textContent` huyaonyesha kama maandishi tu. `innerHTML` huyasoma kama msimbo wa HTML, hivyo mtu anaweza kujiandikisha kwa "jina" ambalo ni picha yenye `onerror` (msimbo unaotekelezwa picha ikishindwa kupakiwa), na msimbo wake ukatekelezwa ndani ya ukurasa wako.

Swali: Nitajaribuje salamu ya usiku bila kukesha?

Jibu: Tenga uamuzi na usomaji wa saa. Andika funksheni, kwa mfano `chaguaSalamu(saa)`, inayopokea namba na kurudisha maneno, kisha uiite kwenye konsoli ya kivinjari (sehemu ya kuandikia na kujaribu msimbo) kwa namba za mipakani: 0, 4, 5, 11, 12, 15, 16, 18, 19 na 23. Makosa ya msimbo huu hujificha karibu yote kwenye namba hizo.